Mtoto wa dada ameiba dukani: nimsamehe au nimpeleke polisi?

Shikamoo Mwalimu,

Nina duka la vyakula hapa Makambako, na pembeni yake kuna kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Kibandani alikuwa anakaa mtoto wa marehemu dada yangu. Nimwite Tumaini, ingawa si jina lake. Ana miaka 24, ana mke na mtoto wa miezi 4. Nimemlea tangu akiwa darasa la tano, ananiita mama mdogo, na hata mke mimi ndiye niliyekwenda kumposea.

Tangu mwaka uanze floti, yaani pesa ya kuendeshea uwakala, ilikuwa haikai sawa. Nikiuliza naambiwa mtandao ulisumbua, mara muamala umekwama, mara mteja katumiwa mara mbili. Mwezi wa 6 nikasema basi, Jumatatu tunafunga duka tunapiga hesabu yote, daftari kwa daftari. Jumapili usiku Tumaini akaja nyumbani, akapiga magoti sebuleni, akasema. Amekuwa akichukua kidogo kidogo. Nyingine alibeti, nyingine zilikwenda hospitali mke wake alipojifungua kwa upasuaji. Hesabu ilipokamilika ikawa shilingi 1,840,000.

Katika hizo, 260,000 si zangu. Ni za bibi mmoja muuza mboga anayeweka akiba kwangu ili anunue bati, maana anaogopa kukaa na pesa ndani. Namwandikia kwenye daftari na kumkata 1,000 kila mwezi ya utunzaji. Bado hajajua. Kila akipita na beseni lake ananiuliza zimefika ngapi, nami namwambia zipo.

Sasa Mwalimu, ndugu tumegawanyika. Kaka yangu, ambaye anaijua Biblia kuliko sisi wote, anataka Tumaini akalale ndani, na akitoka asikanyage kwetu. Ananisomea jicho kwa jicho, na habari za Akani aliyeiba akapigwa mawe. Jumanne aliingia chumbani alikopanga Tumaini akabeba mashine mbili za kunyolea ambazo kijana huzitumia jioni kunyoa watu, simu yake, na godoro. Vyote viko stoo kwangu, anasema ni dhamana. Na vijana wa kijiweni wamesikia, wanatamba kwamba wakimkuta usiku watamfundisha adabu.

Upande wa pili ni wazee wa kanisa. Tumaini ni mwimbaji wa kwaya, tena wa kutegemewa, na mashindano ya kwaya yamekaribia. Waliniita wakanikumbusha saba mara sabini, wakasema yaishe, tusiliaibishe kanisa, Mungu atanirudishia kwa njia nyingine. Mimi ndiye ninayefundisha kina mama somo la msamaha kila Alhamisi, kwa hiyo walinibana nikakosa la kusema.

Mume wangu ni dereva wa malori, hayupo. Ananiambia kwa simu, duka ni lako, amua. Nikisamehe najiona nimeibiwa mara ya pili. Nikienda polisi namwona dada yangu amesimama mbele yangu. Sheria ya Mungu inasema nini hasa? Haki na huruma, kipi kinatangulia?

Mama wa Duka, Makambako

* * *

Marahaba, dada yangu. Pole sana.

Godoro lirudi leo. Usingoje kumaliza kusoma jibu hili. Kuna mtoto wa miezi 4 chumbani humo, na baridi ya Makambako ya mwezi wa 7 unaijua kuliko mimi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema ukichukua vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijazama, kwa kuwa ndilo analojifunika, na kinauliza: atalala na nini? Ni sheria yenye swali ndani yake, na swali lenyewe halimhusu aliyekopesha hata kidogo. Linahusu usiku wa yule anayedaiwa.

Mashine za kunyolea nazo zirudi. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, kwa sababu ni kuchukua uhai wake. Bila jiwe hakuna unga. Bila mashine Tumaini hanyoi, na asiponyoa hakulipi. Sura hiyo hiyo inasema ukimdai mtu usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Kaka yako, kwa kuijua kwake Biblia, amefanya mambo matatu yaliyokatazwa katika sura mbili, na yote kwa Jumanne moja.

Ataniambia kwamba hizo ni sheria za mkopo, si za mwizi. Ni kweli. Lakini tangu kijana alipokiri na ninyi mkataka alipe, amekuwa mdaiwa wenu, na sioni Torati ikitoa ruhusa ya kumvua mdaiwa nguo eti kwa sababu deni lake lilianza vibaya. Simu ni habari nyingine kidogo. Mrudishieni, kisha yeye mwenyewe aiuze, anunue ya kitochi, na kinachobaki kiwe malipo yake ya kwanza. Hizo mechi alikuwa anabetia wapi kama si humo?

Kuhusu vijana wa kijiweni, wakemeeni waziwazi, na kaka yako ndiye aanze, maana wanajificha nyuma ya hasira yake. Mwanzoni mwa Kutoka 22 kuna sheria ya mwizi anayevunja nyumba. Akipigwa akafa gizani, wakati mwenye nyumba hajui anakabiliana na nani, hakuna hatia ya damu. Jua likishachomoza, aliyemuua ana hatia. Yaani sheria ya zamani hiyo, ya watu wa mahema na mifugo, ilikuwa inalinda damu ya mwizi. Sisi tunaandika kwenye magazeti "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni mvua iliyonyesha, na hakuna anayeulizwa. Tumaini hakuvunja mlango usiku. Alikuja mwenyewe akapiga magoti. Akiguswa na vijana hao, damu hiyo itakuwa mlangoni kwenu.

Sasa nije kwa mtu aliyepata mistari michache kuliko wote katika barua yako: bibi wa mboga.

Umeniuliza kama umsamehe Tumaini au umpeleke polisi, ukiwa unajihesabu kuwa mwenye kuibiwa. Umeibiwa, ndiyo. Lakini mbele ya bibi huyu wewe ni mdaiwa. Kutoka 22, baada ya sheria za wizi, ina sheria za kumtunzia mtu mali yake, na inatofautisha hali kwa hali: mali iliyoibwa kwa mtunzaji, mnyama aliyeraruliwa, mnyama aliyekufa hakuna aliyeona. Katika hali mojawapo mtunzaji anaapa kwamba hakutia mkono wake, anaachiliwa. Katika nyingine, kikiibwa kwake, analipa. Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Mishna, yaani mafundisho yao juu ya sheria, mnamo mwaka 200 hivi baada ya Kristo, walizisoma tofauti hizo wakazielewa hivi: anayetunza bure huapa, anayetunza kwa malipo hulipa. Wewe unamkata 1,000 kila mwezi. Ni kidogo, lakini ni malipo. Bibi hakumkabidhi Tumaini pesa zake, alikukabidhi wewe, na daftari lina mwandiko wako.

Kwa hiyo toa 260,000 dukani wiki hii, mwandalie mkononi, na umwambie yaliyotokea. Hilo la "zipo" likome. Walawi 6, inapotaja makosa dhidi ya jirani, inaweka wizi na kudanganya kuhusu amana katika orodha moja. Najua ulikuwa unaogopa kumvunja moyo, na pengine ulidhani utazijaza polepole asijue. Lakini kila anapouliza na kujibiwa "zipo", anapanga mambo yake kwa pesa ambayo haipo. Akimleta fundi kesho?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wa kanisa, na naomba niseme kwa heshima lakini nisizunguke. Walipokuambia yaishe, walikuwa wanasamehe na pesa ya bibi ambaye hakuitwa kikaoni. Mfano wa Mathayo 18, huo huo unaofuata saba mara sabini, unazungumza juu ya mfalme aliyemfutia mtumwa talanta 10,000. Zilikuwa talanta za mfalme. Hakumfutia deni alilokuwa anadaiwa na mtu mwingine. Ungemfutia Tumaini 260,000 za bibi, usingekuwa umetoa huruma yoyote. Ungekuwa umemwibia mara ya pili, safari hii kwa maombi.

Na Torati imeliangalia jambo hili kwa makini ajabu. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinasema mtu akimkosea mwenzake, akiri, arudishe mali kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Je, kama aliyekosewa amekufa na hana hata ndugu wa kupokea? Ungetegemea kiseme basi, mambo yamekwisha. Hakisemi hivyo. Malipo yanakwenda kwa kuhani. Deni halifutiki kwa sababu mwenye nalo hayupo wa kulidai. Na katika Walawi 6 angalia utaratibu wenyewe: anarudisha kwanza mali kwa mwenyewe, ndipo anapeleka kondoo dume kwa kuhani na kufanyiwa upatanisho. Yesu alifuata mstari huo huo aliposema uache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Mishna nayo inasema kwamba Siku ya Upatanisho hufunika makosa ya mtu na Mungu wake, lakini makosa ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake. Wayahudi na Wakristo wamebishana mambo mengi, hili hawakubishana.

Kwa hiyo kwaya itafute sauti nyingine kwa mashindano haya. Sisemi afukuzwe. Akae benchi mpaka awe amekwenda kwa bibi na ameanza kulipa. Na hilo la kuogopa kuliaibisha kanisa, Walawi 19:15 inawahusu wazee moja kwa moja: "usimpendelee mtu maskini, wala kumstahi mwenye nguvu, bali utamhukumu jirani yako kwa haki." Mwimbaji hodari ana nguvu zake usharikani. Bibi wa mboga hana.

Nimrudie kaka yako, maana maandiko aliyokusomea yamo kweli kwenye Biblia na hayafai kupuuzwa.

Akani yuko Yoshua 7. Alichukua vazi la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akavifukia hemani. Alipigwa mawe, na nyumba yake pamoja naye. Ni habari ngumu, siwezi kuilainisha, na wala sipendi mahubiri yanayoilainisha. Lakini haikuwa kesi ya wizi wa kawaida. Vitu vya Yeriko vilikuwa vimetengwa kwa Mungu vitani, na watu walikuwa wamekwisha kufa kwa sababu ya tendo lile. Mtu akiiba kwa jirani yake, hukumu yake haiko Yoshua 7, iko Kutoka 22: ng'ombe aliyeuzwa au kuchinjwa hulipwa watano, kondoo wanne, na mnyama akikutwa bado hai mkononi mwa mwizi hulipwa wawili. Hakuna mawe hapo. Torati inaua kwa kumwiba mtu, si kwa kuiba mali ya mtu. Na kuhusu nyumba ya Akani, Kumbukumbu la Torati 24:16 inasema baba asiuawe kwa kosa la mwana, wala mwana kwa kosa la baba. Mke wa Tumaini na kichanga chake hawakugusa floti.

Linganisha na sheria za majirani. Hammurabi wa Babeli, karne ya 18 kabla ya Kristo, aliandikisha sheria zake kwenye jiwe jeusi refu ambalo leo limesimama katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Humo, aliyeiba mnyama wa hekalu au wa ikulu alilipa mara 30, wa mtu wa kawaida mara 10, na kama hana cha kulipa, aliuawa. Maskini ndiye aliyekufa. Torati inashuka mpaka mara tano, nne, mbili, haiulizi mnyama alikuwa wa mkubwa au wa mdogo, na asiye na kitu haimuui. Anauzwa kwa wizi wake, yaani anafanya kazi mpaka deni liishe. Hilo la kuuzwa simtamanii mtu yeyote, na nashukuru hatuna sheria hiyo. Ila hata utumishi huo Torati iliuwekea mwisho kwa Mwebrania, miaka sita, na Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza kwamba siku ya kumwachia usimtoe mikono mitupu, umpe katika kondoo zako, nafaka yako na divai yako.

Jicho kwa jicho limeandikwa mara tatu: Kutoka 21, Walawi 24 na Kumbukumbu la Torati 19. Mara zote ni juu ya mwili ulioumizwa au shahidi wa uongo, si mali iliyoibwa. Tena lilikuja kufunga mdomo wa Lameki, yule wa Mwanzo 4 aliyejigamba mbele ya wake zake kwamba atalipiziwa mara sabini na saba. Sheria ikasema hapana: jicho ni moja, usivuke. Mistari miwili tu baada ya jicho kwa jicho katika Kutoka 21, bwana akimpofusha mtumwa wake, mtumwa anatoka huru kwa ajili ya jicho lake. Bwana hapofushwi. Kwa hiyo tayari ndani ya sura ile ile jicho linalipwa kwa kitu kingine, na Mishna baadaye ikaorodhesha malipo matano ya kumjeruhi mtu: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku alizokaa bila kazi, na aibu.

Kama kaka yako atavumilia andiko moja zaidi, msomee 2 Samweli 12. Nathani anamsimulia Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi anawaka hasira anasema mtu huyo anastahili kufa, tena atalipa mara nne. Mara nne ni sheria, iko Kutoka 22. Kufa kumetoka wapi? Hakuko kwenye sheria ya kondoo. Ni hasira ya Daudi iliyoongeza kifungu, na wote tunajua mwenyewe alikuwa amemchukua mke wa mtu. Simtuhumu kaka yako kwa lolote. Nasema tu kwamba kulala ndani, kufukuzwa ukoo na kunyang'anywa godoro ni hukumu tatu kwa kosa moja, na hakuna hata moja inayomrudishia bibi bati lake. Kumbukumbu la Torati 25 inaweka ukomo hata kwa mtu aliyestahili viboko: 40 visizidi, ili ndugu yako asidharauliwe mbele ya macho yako. Amekwisha kuhukumiwa, amelala chini anachapwa, na bado anaitwa ndugu.

Basi alipe nini? Tumaini hakukamatwa, alikuja kukiri. Utasema alikiri kwa sababu Jumatatu ilikuwa ya hesabu. Inawezekana kabisa. Lakini alikuwa na Jumapili nzima ya kupanda basi kwenda Mbeya au Dar es Salaam, na hakupanda. Walimu wa Kiyahudi walishikilia kwamba anayekiri mwenyewe halipi ile faini ya mara mbili, na Walawi 6 na Hesabu 5 zinamtoza mali kamili na sehemu ya tano. Kwako ni 1,580,000 na nyongeza ya 316,000. Kwa bibi ni 260,000 na nyongeza ya 52,000. Jumla 2,208,000. Kwa kuwa 260,000 za bibi unazitanguliza wewe, Tumaini atakurudishia hizo pia, ila zile 52,000 azipeleke yeye mwenyewe kwa miguu yake, na aseme yeye mwenyewe kwa nini anazileta. Sehemu ya tano si riba. Haikui. Ikichelewa miezi miwili inabaki ile ile.

Andikeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mashahidi wawili, kiasi gani kila mwezi. Kwa 60,000 ni miaka 3 na kidogo. Mnajua wenyewe kinyozi wa jioni anapata nini, msiandike kiasi ambacho atalazimika kuiba tena ili akipate. Na msivuke miaka 6 hata ikiwaje.

Kwenda polisi si dhambi. Kumwibia mwajiri ni kosa la jinai kwa Kanuni ya Adhabu, na hakuna andiko linalokukataza kushtaki. Ila fahamu kwamba Torati haina kifungo kama adhabu. Watu waliwekwa chini ya ulinzi wakingoja hukumu, basi. Kifungo hakimlipi bibi, na kinamwondoa mlipaji kazini. Kwa hiyo mimi ningeanza na mapatano, na akiyavunja makusudi nenda kituoni bila kuona haya, dada yako hatakulaumu. Nisichotaka ni polisi wawe fimbo ya kila mwisho wa mwezi, "usipolipa nakupeleka". Ama umepatana naye ama unamshtaki. Bibi naye ana haki yake. Akiamua kwenda kituoni, usimsihi, usimtume mchungaji amsihi.

Kibandani harudi. Hilo wazee wanaweza kukuomba wakidhani ndio ushahidi wa kusamehe. Mtu aliyeshindwa na mikeka ya kubeti humrudishi mbele ya droo ya pesa. Kubeba magunia au kupanga mzigo, kama unataka kumpa kazi, ni sawa.

Kuna swali moja ambalo barua yako haikulijibu: ulikuwa unamlipa kiasi gani? Nauliza kwa sababu maduka mengi ya ndugu mshahara ni chakula, nauli na "nitakuangalia mwisho wa mwaka". Kama alikuwa na mshahara na ulimlipa, sawa, ruka aya hii. Kama kuna miezi hukumlipa, Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24 inasema alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na anautumaini moyoni. Piga hesabu hiyo pia, kwa haki ile ile uliyopigia floti, na uitoe kwenye deni. Haimwondolei kosa. Lakini huwezi kusimama kwenye Walawi 6 huku umeikalia Walawi 19.

Umeuliza kipi kinatangulia, haki au huruma. Katika sheria hizi sijaona vikipangwa foleni. Mwizi analipa, na anayedai anasimama nje ya mlango. Mambo hayo mawili yanafanyika siku moja na watu wale wale. Somo lako la Alhamisi usiliache. Ila wiki hii, badala ya Mathayo 18, jaribu Hesabu 5 uone kina mama watasema nini. Wengi wao wana vikoba, watakuwa na maneno.

Jambo la mwisho ni la hospitali. Mithali 6 inasema watu hawamdharau mwizi akiiba ajishibishe kwa njaa, hata hivyo akipatikana atalipa. Kwa hiyo sehemu hiyo nayo ni deni. Lakini ni deni lenye sura tofauti na la mikeka, na huenda kijana alishindwa tu kufungua mdomo kukuambia mke wake anapasuliwa na hana kitu. Muulize hospitali ilichukua kiasi gani, akuletee risiti. Kiasi hicho, kama unaweza, kifute kwenye fungu lako wewe kabla hajalipa hata shilingi, ukiandike kwenye karatasi ile ile mbele ya mwenyekiti. Ni pesa yako, huhitaji ruhusa ya kaka wala ya wazee. Ya kubeti ailipe yote.